Kolwezi, Tuingize Kalasi Nzima Mashindanoni

Chukua kalasi yenye wanafunzi 61. Hapa Kolwezi hiyo si kalasi kubwa. Wapo walimu wa Manika na Dilala ambao wangeipokea kwa shukrani. Andika ubaoni swali hili: thibitisheni, bila kumuuliza mtu yeyote tarehe yake, kwamba humu ndani wapo watu sita au zaidi waliozaliwa mwezi mmoja.

Kwanza kitasikika kicheko. Halafu walioko upande wa dirishani wataanza kuulizana, wewe wa Januari, wewe wa Machi, na mwalimu itambidi awakumbushe kwamba kuulizana kumekatazwa. Kutakuwa kimya. Kisha atatokea mmoja, na mara nyingi si yule tunayemtegemea, aseme hivi: tufanye kwamba hakuna mwezi uliopita watu watano. Miezi ni 12. Watano mara 12 ni 60. Sisi ni 61. Huyu mmoja aliyebaki tumweke wapi? Popote utakapomweka, mwezi huo unafikisha watu sita.

Swali limekwisha. Halikutaka fomula wala mashine ya kuhesabia. Lilitaka mtu atulie, akubali kwa muda kinyume cha anachokitafuta, kisha aangalie ni wapi kinyume hicho kinavunjika. Mtoto wa kalasi ya saba analiweza. Finalisti wa math-physique anaweza kulishindwa, hasa kama miaka yote amefundishwa kwamba hesabu ni kukumbuka kanuni ipi inaingia wapi.

Maswali ya aina hii ndiyo yanayowakutanisha vijana katika mashindano ya hesabu duniani. Ba papa na ba mama, walimu, maprefe wa shule, wahandisi wa migodi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi: ombi langu ni kwamba mwaka huu huu wa masomo tuanzishe mashindano hayo katika mji wetu, na tuyaanzishe kwa namna inayofanana na shule zetu zilivyo, yaani kalasi nzima ishindane na kalasi nzima.

Najua kuna atakayesema mashindano tunayo. Ni kweli, tunayo Génies en herbe, na watoto wanayapenda. Lakini pale mshindi ni mwenye mkono mwepesi na kumbukumbu nzuri: mto mrefu kuliko yote ni upi, nani aliandika kitabu fulani, jibu, pointi, endelea. Sina ugomvi nayo. Tuna na Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, ambao tangu miaka ya 1960 umekuwa mlango wa kila kijana wa nchi hii, na hesabu zake ni za kuchagua jibu moja kati ya yaliyoandikwa. Mtoto anaweza kufika mwisho wa sekondari, akapakwa poda, akabebwa mabegani mtaa mzima, bila kuwahi kuombwa aandike ukurasa mmoja wa kumshawishi mwenzake kwamba jambo fulani la hesabu ni kweli na haliwezi kuwa vingine. Hilo ndilo pengo ninalolisemea.

Wenzetu wanalizibaje? Mashindano makubwa kuliko yote, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, yalianza Romania mwaka 1959 na nchi saba tu. Siku hizi kila nchi hupeleka vijana wasiozidi sita, wenye umri chini ya miaka 20, ambao bado hawajaingia chuo kikuu. Hukaa mezani siku mbili, saa nne na nusu kila siku, na kila siku wana maswali matatu. Matatu tu! Kila swali lina pointi 7, kwa hiyo aliyekamilisha yote anapata 42. Hutoka na medali takriban nusu ya washiriki, na hata asiyepata medali, akiwa amemaliza swali moja bila kosa, hupewa cheti cha heshima. Napenda sana kanuni hiyo ya mwisho. Inamwambia mtoto kwamba swali moja lililofikiriwa hadi mwisho lina thamani kuliko sita yaliyoguswaguswa.

Kuna na kanuni ya viongozi. Kiongozi wa kila timu hushiriki kuchagua maswali na kuyatafsiri katika lugha ya vijana wake, kwa hiyo hutengwa nao kabisa mpaka karatasi ya pili imalizike. Anayebaki na vijana ni msaidizi wake. Halafu huyo kiongozi huketi na wasahihishaji wa nchi mwenyeji, akitetea mstari kwa mstari kile kijana wake alichoandika. Nchi mwenyeji hulipia malazi na chakula. Nchi inayosafiri hujilipia tiketi. Afrika iliyapokea mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town.

Bara letu lina yake pia. Umoja wa Hisabati wa Afrika, uliozaliwa Rabat mwaka 1976, ulianzisha Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika mwaka 1987, na ya kwanza ilifanyika Rabat hapo hapo. Mtindo ni ule ule: siku mbili, maswali matatu kwa siku, na wasichana wana tuzo yao. Nairobi iliipokea mwaka 2018, Kigali mwaka 2023. Kigali, jamani, ni kwa jirani. Tanzania ina Chama cha Hisabati, CHAHITA, na Uganda ina chama chake. Vyote huwakusanya wanafunzi wa sekondari kwa mashindano ya kitaifa. Tangu mwaka 2022 tumo pamoja nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka sasa tunachozungumza nao ni malori na ushuru.

Hata hivyo siombi tuanze kwa kumtafuta mtoto mmoja wa ajabu wa kumpandisha ndege. Tukianzia juu tutafanya tunachokijua tayari: shule mbili tatu zenye ada kubwa zitatoa majina, picha zitapigwa, na kalasi ile ya watu 61 haitasikia hata habari. Kuna njia nyingine, na si mimi niliyeibuni.

Mwaka 1989, katika jimbo la Alsace huko Ufaransa, walimu walianzisha mashindano yanayoitwa Mathématiques sans frontières. Kinachoshindana ni kalasi, wote walioandikwa kwenye orodha ya mahudhurio, wazuri na wazito. Wanapewa saa moja na nusu na rundo la maswali. Kalasi za seconde, ambazo zinakaribiana na mwanzo wa humanités kwetu, hupewa 13. Kwa kila swali kalasi inarudisha karatasi moja tu ya jibu. Kwa hiyo lazima wagawane kazi, wabishane, wakubaliane, mmoja aandike. Miaka minne baadaye huko Uswisi wa Kifaransa yalizaliwa mengine, Rallye mathématique, kwa watoto kuanzia umri wa miaka minane hivi: dakika 50, maswali machache, na mwalimu wa kalasi hiyo hatakiwi kuwamo chumbani. Anasimamia mtu mwingine, naye haruhusiwi kusaidia. Pointi hutolewa kuanzia 0 mpaka 4, na jibu sahihi lisilo na maelezo halipati zote.

Niliposoma habari hizo nilifikiri mara moja kuhusu shule zetu. Kule kalasi ni ndogo kuliko zetu. Sisi wingi wa watoto, ambao kila siku tunaulalamikia, na kwa haki, hapa ungekuwa nguvu. Kalasi ya 60 yenye maswali 10 inagawanyika vikundi 10 vya watu sita. Swali la jiometria linakwenda kwa wanaochora vizuri, la asilimia kwa wanaosaidia mama zao sokoni, la kete na mashimo kwa wale wachezaji wa kisolo ambao mwalimu huwanyang'anya vijiwe kila siku. Na kunong'onezana, kosa la kufukuzisha mtu siku ya Exetat, siku hiyo ni halali.

Mashindano hayo ya Alsace yana kitu kingine ambacho tungekosea kukiacha. Swali la kwanza huandikwa kwa lugha za kigeni, na kalasi inatakiwa kulijibu kwa lugha ya kigeni vilevile. Sisi tuligeuze: swali la kwanza liandikwe kwa Kiswahili na lijibiwe kwa Kiswahili. Watoto wetu huanza shule kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinashika usukani, na kufika kalasi ya nane hesabu imekuwa kitu cha kusemwa kwa lugha ya mwalimu tu. Wakibishana wenyewe kwa wenyewe, hata hivyo, sikiliza vizuri: wanabishana kwa Kiswahili. Basi mara moja kwa mwaka waandike ubishi huo kama ulivyo, na usahihishwe kwa heshima zote.

Maswali yatatoka wapi? Tunayakanyaga. Nenda Musompo, kwenye depo zinazonunua mawe ya cobalt. Creuseur, yaani mchimbaji wa mikono, analeta gunia. Mnunuzi analipima uzito, anachukua ile mashine ndogo ya mkononi ambayo sote tunaiita Metorex, anaielekeza kwenye mawe, inatoa teneur, yaani asilimia ya cobalt iliyomo ndani ya mawe. Sasa swali: gunia lina kilo 50, mashine inasema asilimia 2 na mawe kweli yana asilimia 3. Ni kilo ngapi za cobalt zimepotea njiani? Mtoto atasema nusu kilo, kwa sababu kilo moja na nusu imehesabiwa kuwa kilo moja. Vizuri. Sasa endelea: bei ya kila kilo ya mawe nayo hupanda kadiri teneur inavyopanda. Je, hasara ya mwenye gunia ni theluthi moja, au imepita hapo? Na kama mawe yalilowa mvua, uzito uliolipwa ni wa nini? Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba katika mji huu asilimia imo ndani ya mkate wa kila nyumba, na vijana wengi walioacha shule kwenda kuchimba waliacha kabla hawajaifahamu.

Swali lingine liko katika sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komuni au sekta ambako mgodi upo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Cobalt hutozwa asilimia 10, shaba asilimia 3.5. Wape watoto wa kalasi ya nane namba hizo na lori moja la shaba, waambie watafute komuni yao inapata nini. Nina hakika baadhi ya wazazi watakaa karibu kusikiliza jibu.

Lakini swali ninalolipenda kuliko yote halina dola ndani yake. Mfupa wa Ishango, ule wa kale wenye alama zinazodhaniwa kuwa za hesabu, tumeutaja vya kutosha katika hotuba. Nataka tuangalie mchanga wa kwetu. Wachokwe, ambao wapo Dilolo na Sandoa na hapa mjini pia, wana michoro iitwayo sona. Mzee husawazisha mchanga, anabonyeza nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha anachora mstari unaozizunguka nukta hizo huku anasimulia hadithi, na katika michoro mingi kidole hakiinuki mpaka mstari urudi ulikoanzia. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza sona katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la Angola. Mwanahisabati Paulus Gerdes, Mholanzi aliyeishi na kufundisha Msumbiji mpaka alipofariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuichunguza.

Katika aina moja ya michoro hiyo, inayofanana na msuko wa mkeka, mstari hukata mshazari kati ya nukta, ukifika ukingoni unageuka, mpaka kila nukta imefungwa. Ukiweka safu 3 za nukta 4, mstari mmoja unatosha kuzifunga zote. Safu 3 za nukta 3 zinadai mistari mitatu. Safu 4 za nukta 6, miwili. Wape kikundi cha watoto sita kipande cha ardhi na vijiti, waambie wajaribu 2 kwa 5, 6 kwa 9, 4 kwa 4, wajaze jedwali, kisha waseme kanuni. Baada ya nusu saa mmoja atapiga kelele kwamba ni PGCD, ile ile ya ubaoni, kigawo kikubwa kuliko vyote ambacho namba mbili zinashirikiana. Kueleza kwa nini iwe hivyo ni kazi nzito, na ndiyo yenye pointi nne.

Sasa nani afanye nini.

Walimu wa hesabu, mzigo utaanzia kwenu, na najua mishahara yenu inafika lini. Kwa hiyo siwaombi vipindi vya ziada kila wiki. Naomba swali moja kila Jumatatu, liandikwe kwenye kona ya ubao, lisifutwe mpaka Ijumaa. Ijumaa dakika kumi za kusikiliza majibu. Zoezi hilo tu, likishikwa tangu Oktoba, linaitayarisha kalasi kuliko semina ya siku tatu yenye fulana.

Maprefe, kwenu naomba makubaliano ya shule mbili jirani, na uhuru wa saa mbili. Wasimamizi wabadilishane: mwalimu wa shule hii asimamie kule, wa kule asimamie hapa. Tuweke na sharti kwamba angalau nusu ya karatasi za majibu ziandikwe na wasichana, na hakuna mtu anayeandika mbili. Bila sharti hilo nawajua vijana wetu: wavulana watano watashika kalamu zote na wengine 56 watakuwa watazamaji.

Siku napendekeza iwe 14 Machi, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati kwa ajili ya namba pi, 3.14. (Hesabu hiyo inakubali tu ukitanguliza mwezi kama Wamarekani, sisi tunaoandika 14/3 tuwasamehe.) Ikiangukia Jumapili, tusogeze. Ila ianze asubuhi mapema. Machi bado ni mvua, na anayejua mvua ya alasiri juu ya mabati anajua kwamba hakuna kikundi kitakachosikilizana chini yake.

Wahandisi, nyinyi mnaofanya kazi KCC, Mutanda, Sicomines, COMMUS, Tenke Fungurume, wengi wenu mlikaa kwenye madawati ya mji huu au ya Likasi na Lubumbashi. Kinachokosekana kwetu kuliko pesa ni wasahihishaji. Kusahihisha hoja ya mtoto kunataka mtu anayeweza kufuata njia asiyoitarajia, aone kama inafika. Mkitoa Jumamosi moja ya Machi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, mnaweza kumaliza karatasi za kalasi nyingi kwa siku moja. Na mkisahihisha, andikeni sentensi moja chini ya kila karatasi kabla ya namba. Watoto watasahau pointi. Sentensi wataihifadhi ndani ya daftari.

Pesa zipo, na zina jina. Sheria ile ile ya 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa jamii zinazoizunguka. Iliyouza dola bilioni 1 inadaiwa dola milioni 3. Wajumbe wa kamati zinazopanga matumizi hayo, mnajenga shule, na mjenge. Lakini katika orodha yenu ya mwakani ingizeni mstari mmoja wa hesabu: karatasi, uchapaji, na nauli ya wasahihishaji wa kwenda Fungurume, Mutshatsha, na kama barabara itakubali, Kapanga. Ni fedha ndogo kiasi kwamba wahasibu wenu wataona aibu kuijadili kwa zaidi ya dakika tano.

Baada ya miaka miwili mitatu ya kalasi kwa kalasi, majina yatajitokeza yenyewe. Kutakuwa na wale ambao kila kikundi kinawataka. Hao ndio wa kukusanywa likizo ya Pasaka, wakapewa maswali matatu na saa nne na nusu, na barua ikapelekwa Kinshasa. Waziri wa sasa wa elimu ya taifa, Raïssa Malu, ni mwanafizikia. Kabla ya wizara alianzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia mjini Kinshasa mwaka 2014. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini vijana sita wa jimbo letu la Lualaba wapimwe kwa ajili ya timu ya taifa. Anahitaji kuona karatasi zao.

Na nyinyi ba papa na ba mama, msije siku hiyo na keki wala kamera. Kila nyumba itoe karatasi mbili na penseli moja. Jioni mtoto akirudi, usimuulize walishika nafasi ya ngapi. Muulize kikundi chao kilipewa swali gani, kisha kaa, akueleze.